Aliyemchora Doctor Doom alilipwa kwa ukurasa, kama mama zetu kwa kilo

Julai 2024, kule San Diego, Marekani, Robert Downey Jr. alipanda jukwaani akiwa amevaa joho la kijani na barakoa ya chuma. Alipoivua, ukumbi mzima ulilipuka kwa kelele. Iron Man wa jana ndiye Doctor Doom wa leo! Klipu zilifika Kericho usiku ule ule, na kesho yake kwenye kinyozi ninakonyolewa hakukuwa na stori nyingine. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu Downey na pesa atakazolipwa. Jack Kirby hakutajwa hata mara moja.

Sikushangaa. Mimi nimelelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, kati ya Kericho na Litein, na najua jinsi jina la mtu linavyopotelea njiani. Mama alichuma chai miaka mingi. Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, alfajiri hadi mizani. Kilichopimwa ndicho kililipwa. Majani yakishatoka kwenye mizani hayakuwa yake tena, na pakiti ya majani chai unayonunua dukani haina jina la aliyeyachuma. Shika hiyo picha kichwani, kwa sababu nikisoma maisha ya Kirby naona mizani kila mahali.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jacob Kurtzberg. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917, Lower East Side, New York, mtaa wa wahamiaji uliojaa watu kama ploti za Pipeline. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Austria, na baba alifanya kazi kiwandani akishona nguo. Mtoto huyu mfupi alikulia kwenye vita vya magenge ya mtaani, ngumi na mawe, na ukitazama namna wahusika wake wanavyopigana miaka thelathini baadaye utajua kwamba hakujifunza hayo shuleni. Hata kuchora alijifundisha mwenyewe kwa kunakili katuni za magazetini. Alijiunga na chuo cha Pratt akaacha baada ya wiki moja hivi, kwa maana walimu walitaka watu wa kukaa na mchoro mmoja muda mrefu na yeye alikuwa na mwendo wa kasi.

Alipata kazi kwenye studio iliyotengeneza katuni za Popeye. Huko alikaa kwenye meza moja kati ya meza nyingi, akichora hatua ndogondogo za mhusika ambaye mwingine ameshamwanza na mwingine atammaliza. Akaona ni kile kile kiwanda cha baba yake, tofauti ni kwamba hapa bidhaa ni picha. Akaondoka.

Akakutana na Joe Simon, na kwa pamoja wakaunda Captain America. Toleo la kwanza lilitoka mwishoni mwa 1940, na kwenye jalada shujaa anamtandika Hitler ngumi ya uso. Marekani yenyewe ilikuwa bado mwaka mzima kabla ya kuingia vitani. Komiki hiyo iliuza kama mandazi ya asubuhi. Wawili hao walikuwa wameahidiwa sehemu ya faida, wakaona wanachopewa hakilingani na mauzo, wakahamia kampuni nyingine.

Vitani alienda kweli. Alifika ufuo wa Normandy, Ufaransa, Agosti 1944, akiwa askari wa miguu chini ya Jenerali Patton. Ofisa mmoja alipogundua kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimpa kazi ya kutangulia mbele ya wenzake ili achore ramani za mahali adui alipo. Unaweza kusema kipaji chake kilimletea kazi hatari kuliko za wote. Baridi ya majira yale iliganda miguu yake, nusura ikatwe. Mkewe Roz, waliyeoana 1942, alimpokea nyumbani mwaka wa 1945.

Turuke hadi 1961. Kirby ana miaka 44, ana watoto, na soko la komiki limedorora. Kwenye kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, mhariri alikuwa Stan Lee, mtu wa maneno matamu na tabasamu. Wakatoa Fantastic Four. Namna walivyofanya kazi ndiyo iliyozaa ugomvi wote uliofuata, kwa hivyo tuielewe vizuri. Lee hakuandika mswada kamili. Wangezungumza wazo, wakati mwingine dakika chache tu, kisha Kirby alirudi kwenye chumba chake cha chini ya nyumba, chumba kidogo ambacho familia ilikiita shimo la gereza, akaketi usiku kucha na penseli na sigara. Yeye ndiye aliyeamua tukio gani lije kwanza, nani aingie, nani aanguke, na pembeni mwa ukurasa aliandika maelezo ya kinachoendelea. Lee aliyajaza maneno baadaye. Mtu mwingine alipitisha wino, mwingine akaandika herufi, mwingine rangi. Lee alikuwa na mshahara wa mhariri. Kirby alilipwa kwa ukurasa. Siku ukiugua huna kurasa, na huna kurasa huna pesa. Si tunaijua hiyo?

Doctor Doom aliingia mwaka wa 1962, kwenye toleo la tano. Lakini toleo ninalolipenda mimi ni la mwaka la 1964, pale Lee, Kirby na Chic Stone wa wino walipofanya jambo lisilo la kawaida: walimpa adui hadithi yake mwenyewe. Kwa lugha ya vibanda vya video, steringi wa hadithi ile ni mbaya wao. Wale Fantastic Four wenyewe karibu hawamo.

Hadithi inaenda hivi. Kwenye nchi ya kubuni iitwayo Latveria kuna mganga maskini wa jamii ya Waroma, watu wa kuhamahama wanaodharauliwa. Mtawala anamwita amponye mkewe. Ugonjwa umeshapita uwezo wa dawa, mke anakufa, na mganga anajua ni nani atalaumiwa. Anakimbia mlimani usiku wa baridi kali akiwa amembeba mwanawe Victor, anamfunika kwa nguo zake mwenyewe, na baridi inamuua yeye. Mtoto anabaki na hasira, na sanduku la uchawi la marehemu mama yake. Anakua tapeli hodari wa kuwaibia matajiri, hadi chuo kikuu cha Marekani kinampa nafasi kwa sababu ya akili yake. Huko anatengeneza mashine ya kufikia ulimwengu mwingine. Mwanafunzi mwenzake, Reed Richards, anamwonya kwamba hesabu zake zina kasoro. Victor hasikii la mtu. Mashine inalipuka, uso unaharibika, anafukuzwa. Anaishia kwa watawa wa Tibet, wanaomfulia vazi la chuma, na anarudi kuitawala nchi iliyomuua baba yake.

Nilipoisoma mara ya kwanza, kwenye simu iliyopasuka kioo, ndani ya matatu ya Bomet, sikuona Ulaya. Niliona Talai. Wazee wa kwetu huku wanajua habari hizo: ukoo wa waganga na watabiri wa Wakipsigis, ambao serikali ya mkoloni iliwaogopa hadi ikatunga sheria maalumu mwaka wa 1934 ya kuwaondoa, ikawahamisha na watoto wao hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kirby hakuwahi kusikia jina Talai, nina hakika. Lakini alitoka kwa watu waliofukuzwa huku na huku Ulaya, na aliijua familia inayofungasha usiku.

Kuna jambo jingine. Kirby aliwahi kueleza kwamba kwa fikira zake, uso wa Doom haukuharibika sana. Ni kovu dogo tu. Ila Victor ni mtu anayetaka kila kitu kiwe kamili, na kovu hilo dogo lilimtosha kujificha ndani ya chuma maisha yake yote. Waandishi waliofuata wamechora uso wa kutisha, nyama iliyoungua. Naona wazo la Kirby ndilo kali zaidi. Adui mwenye uso ulioungua unamhurumia tu. Adui mwenye kovu dogo, huyo unamfahamu, labda ameketi karibu nawe.

Januari 1966 gazeti la New York Herald Tribune lilitembelea ofisi za Marvel. Mwandishi alimchora Lee kama nyota wa filamu. Kirby alimwelezea kama mtu ambaye ukikutana naye kwenye treni ungedhani ni msaidizi wa mnyapara kiwandani. Roz aliisoma asubuhi na mapema akaudhika sana. Miezi michache baadaye, kwenye toleo la 52, mnyapara huyo akaleta Black Panther na taifa la Wakanda. Mwaka wa 2018 filamu yake ilipotoka, ikiwa na Lupita Nyong'o wetu ndani, sisi sote tulivaa vitenge kwenda kuitazama.

Nani hasa alibuni nini? Lee alisema mawazo yalikuwa yake. Kirby, akiwa mzee na mwenye uchungu, alidai karibu yote ni yake. Ukweli naona umo katikati, ila mtu mmoja alitembea na mshahara na umaarufu na mwingine akabaki na maumivu ya mgongo.

1970 alihamia DC, na huko akaunda adui mkubwa kuliko wote aliowahi kuchora: Darkseid, mtawala wa sayari ya moto, anayetafuta hesabu itakayomwezesha kufuta hiari ya kila kiumbe. Doom anataka uheshimiwe ukuu wake. Darkseid anataka usiwe na mawazo yako. Msomaji wa leo anayemjua Thanos wa sinema ajue kwamba muundaji wake, Jim Starlin, alikiri kuwa alichota kwa Kirby. Mfululizo huo mpya ulikatishwa baada ya muda mfupi. Akarudi Marvel miaka michache, kisha akaingia kwenye katuni za televisheni, ambako hatimaye alipata malipo mazuri na bima ya afya.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Hundi za Marvel za zamani zilikuwa na maandishi mgongoni: ukitia sahihi ili upate pesa yako, umekubali kwamba haki zote ni za kampuni. Ungefanyaje, na watoto wanangoja chakula? Mwaka wa 1984 kampuni ilianza kuwarudishia wachoraji karatasi zao halisi, ambazo watu hununua kwa bei kubwa. Wengine walipewa fomu ya ukurasa mmoja. Kirby alipewa ya kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuna mwingine aliwekewa, na kwa maelfu ya kurasa alizochora aliahidiwa 88. Themanini na nane! Alikataa. Wachoraji wenzake walipiga kelele, mashabiki wakaandika barua, na mwaka wa 1987 akapata karibu 2,000. Nyingine nyingi zilikuwa zimeshapotea au kuibwa.

Naandika haya nikiwafikiria marafiki zangu wawili watatu wa huku, wanaochorea watu nembo, majalada ya vitabu na komiki kwa simu na kompyuta za kuazima, wanalipwa kwa M-Pesa na stori inaishia hapo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kwamba mtu akikuagiza kazi, au ukiifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Yaani ukinyamaza, umeuza. Nilipomweleza mama akacheka, akaniuliza kama wale wachoraji wa Marekani walikuwa pia wakikatwa kilo za maji ya mvua.

Kirby alifariki nyumbani kwake Thousand Oaks, California, tarehe 6 Februari 1994, akiwa na miaka 76. Hakuona hata moja ya filamu hizi kubwa. Mwaka wa 2009, Disney ilipotangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4, watoto wake walidai haki za wahusika aliowaunda. Mahakama ilikataa 2011, na ya rufani ikakataa tena 2013, kwa hoja kwamba ilikuwa kazi ya kuagizwa. Wakaenda hadi Mahakama ya Juu. Septemba 2014, siku chache kabla majaji kukutana kuamua kama wataisikiliza, kampuni na familia zikapatana. Kiasi cha pesa hakikutangazwa. Tangu hapo jina lake linawekwa wazi kwenye komiki na filamu, kando ya la Lee.

Julai 2025 ilitoka filamu ya The Fantastic Four: First Steps. Ulimwengu wanamoishi mashujaa wale umepewa namba, 828. Ni mwezi wa nane, tarehe 28, siku aliyozaliwa Jacob Kurtzberg. Niliitazama na wenzangu watano, na ilibidi nisimamishe video niwaeleze.