Al-Jazari na Ng'ombe wa Mbao

 

Kama unakaa Umoja unajua vile stima hupenda kupotea wakati ule ule sambusa ziko kwenye karai. Nikiwa kidato cha pili tulifuturu hivyo, na mshumaa, nikaapa nitatengeneza jenereta isiyotaka mafuta. Idd ilipofika pesa zangu zote ziliishia kwa dainamo ya baiskeli, ambayo niliifunga kwa mpira na mota ya redio kaseti mbovu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mota izungushe dainamo, dainamo iilishe mota, na kitakachobaki kiwashe taa. Nikaianzisha kwa betri, ikazunguka vizuri sana. Nikatoa betri. Ikasimama. Nikasema ni waya. Nilisema ni waya karibu mwaka mzima!

Basi hebu nikupe habari za mtu ambaye ningependa kumjua kabla ya kununua ile dainamo.

Jina lake ni Ismail ibn al-Razzaz, wengi wanamwita al-Jazari, yaani mtu wa al-Jazira, ile nchi iliyo kati ya mito Dijla na Furati upande wa juu. Alikuwa fundi wa watawala wa Kiartuki mjini Diyarbakir, ambao leo uko Uturuki. Aliingia kazini mwaka 577 Hijria (1181), akamtumikia baba, halafu watoto wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Yule wa mwisho, Nasiruddin Mahmud, ndiye aliyemwambia aandike yale aliyoyatengeneza. Kitabu kilikamilika 602 Hijria, yaani 1206, na mwaka huo huo mwenyewe akafariki. Mna vyombo 50 ndani yake, vyote vimechorwa na kupewa vipimo, manake alitaka fundi mwingine aweze kuvitengeneza. Kwa Kiarabu vyombo hivyo anaviita hiyal. Ndiyo, ni hila ile ile tunayoijua sisi.

Na kweli zilikuwa hila. Mfalme hakupenda mtumishi ammiminie maji ya udhu, basi al-Jazari akamtengenezea sanamu ya kijana mwenye birika, inayomimina maji yenyewe. Akatengeneza saa yenye umbo la tembo: tumboni mna bakuli lenye tundu dogo, linaelea juu ya maji na kuzama kila nusu saa. Likizama, ndege analia na mpira wa chuma unaanguka.

Lakini mimi kilichonishika ni ng'ombe. Mitambo ya kuvuta maji siku zile ilizungushwa na mnyama. Al-Jazari akatengeneza mmoja ambao juu yake kuna ng'ombe wa mbao, anazunguka polepole, na mnyororo wa vyungu unapandisha maji. Ukitazama utasema ng'ombe wa mbao anavuta! Hali hana, majani hali, hachoki. Kumbe chini, pasipoonekana, kuna gurudumu linalosukumwa na maji ya birika lenyewe. Maji mengine yanaanguka ili mengine yapande. Ng'ombe havuti kitu, anavutwa.

Sasa angalia tofauti, msomaji. Angeweza kunyamaza na siri yake akaitwa mchawi wa Diyarbakir. Yeye akachora lile gurudumu la chini, meno yake, na njia ya maji. Hata saa ya tembo, mipira ikiisha lazima mtu aje airudishe juu, na hilo hakulificha.

Ndoto ya mashine ya bure ilikuwepo hata wakati wake. Karibu mwaka 1150, kule India, Bhaskara alieleza gurudumu lenye zebaki la kujizungusha daima. Mwaka 1775 chuo cha sayansi cha Paris kilichoka, kikakataa kupokea tena mapendekezo ya aina hiyo. Sababu ni ile iliyoniua mimi: kila mzunguko, msuguano na joto vinakula kidogo, na hakuna anayerudisha.

Al-Jazari hakutafuta bure, alitafuta mto. Mtambo wake wa tano ni pampu ya mitungi miwili ya shaba inayozungushwa na maji yanayopita, mmoja ukivuta mwingine unasukuma, na kupandisha maji kama dhiraa 20. Mafuta hayatakiwi, lakini kuna kitu kinalipa.

Watu husambaza picha zake wakidai alivumbua kila kitu chini ya jua. Si lazima tumwongezee. Mwaka 1976 mafundi mjini London waliijenga saa yake moja kubwa ya maji kwa kufuata kitabu, miaka 770 baada ya kufa kwake. Wakatia maji, na saa ikaenda.