Malonga Casquelourd, Mkongo aliyefundisha Amerika kucheza ngoma

Juni 2003, wakati Bunia ilikuwa inazika watu wake na askari wa Ulaya wa operesheni Artemis ndio kwanza wanafika, Mkongo mmoja alikufa kwa ajali ya gari mjini Oakland, Marekani. Huku kwetu habari hiyo haikusikika. Tulikuwa na vilio vyetu.

Malonga Casquelourd, mzaliwa wa 1947, alitoka ng'ambo ya mto, upande wa Brazzaville. Alicheza katika kundi la taifa la ngoma kabla ya kwenda Paris, kisha New York, ambako mwaka 1972 alishiriki kuanzisha kundi la Tanawa. Mwaka 1977, akiwa California, akaunda Fua Dia Congo, yaani urithi wa Kongo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha, katika vyuo vikuu na katika warsha za kiangazi. Kwa ngoma za Kikongo, mpigaji na mchezaji hawatenganishwi: ngoma inayoongoza inaita, kiuno na miguu vinajibu. Anayehesabu hatua bila kusikia ngoma hajajifunza kitu. Wanafunzi wake wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga Afrika.

Miaka ya mwisho alipigania jengo. Alice Arts Center, alipofundisha na kuishi, lilitakiwa kwa ajili ya shule ya sanaa, na wapangaji waondoke. Alisimama pamoja nao. Alikufa kabla mvutano haujaisha. Wasanii walibaki, na leo jengo hilo linaitwa kwa jina lake. Fua Dia Congo inaendelezwa na watoto wake.