Arthur Berson, aliyekuja kupima anga juu ya Ziwa Victoria

Kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, hadi Tegeta kule Kinondoni ni kama kilomita 20. Mwendo huo ukiusimamisha wima kuelekea mbinguni, unapita mahali penye baridi kali isiyowahi kuonekana hata kilele cha Kilimanjaro. Leo tunamwangalia Arthur Berson, aliyekuja kuipima baridi hiyo mwaka 1908.

Alizaliwa mwaka 1859 katika mji ambao leo unaitwa Nowy Sącz, nchini Poland, akafanya kazi Ujerumani. Kwanza alipanda angani mwenyewe. Tarehe 31 Julai 1901, yeye na mwenzake Reinhard Süring walipaa kutoka Berlin kwa puto la gesi, ndani ya kikapu cha wazi, wakivuta oksijeni kwa mpira. Walifika mita 10,800, na wote wawili wakazimia. Kilichowaokoa ni kwamba Berson aliwahi kuvuta kamba ya kutoa gesi. Walipozinduka, puto lilikuwa linashuka.

Baada ya hapo kazi ya kwenda juu zaidi waliachiwa maputo ya mpira yaliyobeba vifaa tu. Mwaka 1902 wataalamu wa Ulaya walitangaza kwamba baridi huongezeka kadiri unavyopanda, lakini kwenye kilomita 11 hivi inaacha kuongezeka. Je, na huku kwetu kwenye jua kali ni hivyo hivyo?

Ndipo Berson akatumwa Afrika Mashariki na kituo cha Lindenberg. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu uliopita. Juu ya Ziwa Victoria alirusha maputo yake. Puto lilipanda mpaka likapasuka, kifaa kikaanguka na mstari wa joto uliochorwa ndani yake. Wakati huo hakukuwa na redio ya kuleta namba chini. Kifaa kisipookotwa, safari nzima imekwenda bure.

Majibu yaliwashangaza wengi. Juu ya ikweta baridi iliendelea kuongezeka hadi karibu kilomita 17, ikapita nyuzi 80 chini ya sifuri. Yaani penye joto zaidi chini ndipo penye baridi zaidi juu! Sababu ni kwamba hewa yetu yenye joto hupanda mbali zaidi, na kila inapopanda hutanuka na kupoa.

Kulikuwa na fumbo jingine. Mlima Krakatau ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilipeperushwa na upepo wa juu kutoka mashariki. Berson alikuta upepo wa juu ukitoka magharibi. Kwa miaka mingi wataalamu walijaribu kuzipanga pepo hizo mbili pamoja angani. Berson alifariki mwaka 1942 kabla ya jibu kupatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibainika kwamba ni mahali pale pale: upepo hugeuka, na mzunguko wake huchukua kama miezi 28.

Kugeuka huko hubadilisha pia kiasi cha ozoni, hewa inayotukinga na miale mikali ya jua. Tangu miaka ya 1990, Nairobi hurusha puto la kupima ozoni takriban kila wiki. Hilo hutuma namba zake kwa redio likiwa bado linapanda.