Chesterman, munganga wa Yakusu aliyepiga vita na malale

Ukishuka mto kutoka Kisangani kuelekea Isangi, kilomita 20 hivi, unaona Yakusu upande wa kuume. Wakaaji wa Tshopo wanaijua sababu ya hospitali yake. Lakini si wengi wanaojua kwamba karibu miaka mia iliyopita kazi iliyofanyika hapo ilifuatwa na waganga wa inchi nyingi. Aliyeianzisha ni Mwingereza mmoja, Clement Chesterman.

Alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Bath. Alisomea uganga, akatumika jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha mwaka 1920 shirika la wamisionari Wabaptisti wa Uingereza, BMS, likamtuma Yakusu. Kisangani wakati ule iliitwa Stanleyville. Alikuta watu wanaisha juu ya malale.

Malale inaletwa na mbung'o, nzi anayekaa kwenye kivuli kando ya maji. Inaanza na homa, tezi za shingo zinavimba, mtu anaendelea na kazi akifikiri ni malaria tu. Miezi au miaka baadaye vijidudu vinaingia kwenye ubongo. Mgonjwa anasinzia mchana, usiku hapati usingizi, anachanganyikiwa, anakonda. Asipotibiwa, karibu kila mara anakufa.

Nzi haulizi nani tajiri, nani maskini. Lakini ni nani anayeshinda mtoni? Ni mvuvi, ni mama anayechota maji na kuloweka mihogo, ni kijana anayepiga kasia. Wakati wa Leopold wa Pili watu walilazimishwa kutafuta mpira porini, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia, wengine wakatorokea misituni. Ndani ya fujo hiyo malale ilienea. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu watu nusu milioni walikufa katika bonde la Kongo kati ya 1896 na 1906. Baadaye ikaja kazi ya mawese, nayo ilihamisha vijana kutoka kijiji hadi kijiji pamoja na ugonjwa wao.

Wabeljiji walijibu kwanza kwa amri. Wagonjwa walifungiwa katika lazareti, na mtu hakuweza kusafiri bila pasiporti ya afya. Watu walijificha, na ni wazi kwa nini: lazareti ilikuwa mahali pa kwenda kufa.

Dawa ilibadilika mwaka uleule Chesterman alipofika. Louise Pearce, munganga mwanamke kutoka taasisi ya Rockefeller ya New York, alikuja Léopoldville, yaani Kinshasa, kujaribu tryparsamide kwa wagonjwa. Dawa hiyo iliweza kufika mpaka kwenye ubongo, kitu ambacho dawa za mbele zilishindwa. Ubaya wake ni kwamba ilitengenezwa na aseniki, ambayo ni sumu, na wagonjwa wengine ilipofusha macho.

Chesterman alikuwa kati ya waganga wa kwanza kuitumia kwa vijiji vizima. Hakungoja wagonjwa waje Yakusu. Alijua kwamba mtu wa ndani ya msitu, mbali na mto, hana mtumbwi wala chakula cha safari ya siku tatu, na sindano zenyewe zilipigwa kila juma kwa miezi. Nani angekaa Yakusu muda huo wote, na shamba lake nani angelilima? Basi dawa ndiyo ilisafiri. Watu waliitwa kijiji kwa kijiji, shingo zikapimwa kwa vidole, maji ya tezi na damu yakatazamwa kwa darubini, na waliopatikana na vijidudu wakapigwa sindano palepale. Hesabu yake ilikuwa hii: ikiwa damu za watu wote zimesafishwa, nzi hana tena cha kubeba.

Munganga mmoja asingeweza. Alifundisha vijana Wakongomani kupima, kutumia darubini na kupiga sindano, halafu wakawekwa katika zahanati za mtoni na za msituni. Kwa kweli hao vijana ndio waliomaliza kazi. Chesterman alipata sifa, hata Malkia wa Uingereza akamfanya Sir mwaka 1974. Wao hawakupata heshima kama hiyo.

Ugonjwa ulipungua sana Yakusu na vijiji vyake. Lakini hiyo ilikuwa bahati ya mahali. Mwaka 1930 Ubeljiji uliunda FOREAMI, mfuko mkubwa wa afya kwa wenyeji, na kazi yake ilianzia Bas-Congo, karibu na bahari na reli. Mashariki na misitu ya kati wangoje. Kijiji kimoja kilipona kwa sababu misioni ilikuwa karibu; kingine, chenye nzi walewale, kilizika watu wake.

Chesterman aliondoka mwaka 1936 na kuendelea na uganga wa tropiki huko London. Nafasi yake Yakusu ilichukuliwa na Stanley Browne, aliyejulikana kwa ukoma, akakaa mpaka 1959. Wakati wa uhuru malale ilikuwa karibu kuisha Kongo yote. Kisha vita, franga za afya zikakosekana, timu za kupima vijijini zikasimama. Chesterman alifariki mwaka 1983, hesabu ya wagonjwa ikiwa imeanza kupanda tena. Mwaka 1998 Kongo ilitangaza wagonjwa zaidi ya 26,000 wapya.

Leo wagonjwa kwa mwaka ni chini ya 1,000, na mwisho wa 2018 viliidhinishwa vidonge, fexinidazole, ambavyo mgonjwa anameza kwa siku 10. Vinatolewa bure. Safari ya mtumbwi mpaka mahali pa kupimwa, mgonjwa bado anajilipia mwenyewe.