Beatrice Tinsley, Binti wa Kasisi

Usiku wa Desemba hapa Bariadi, mvua ikipumzika na mbingu zikitakata, tukitazama kusini twaona vipande viwili vya mwanga hafifu, kama moshi. Hayo ni galaksi mbili, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, jirani za galaksi yetu. Mmoja wa waliotufunulia maana ya ujirani huo ni mama Beatrice Tinsley.

Alizaliwa Chester, Uingereza, tarehe 27 Januari 1941. Mwaka 1946 jamaa yake ilihamia New Zealand, na huko baba yake alihudumu kama kasisi wa Kianglikana. Binti alipenda fidla na hesabu. Akaolewa na mwanasayansi, wakahamia Dallas, Marekani, mwaka 1963. Kazi ilikuwa ya mume. Yeye hakupewa nafasi ya kumfaa. Hivyo akawa anasafiri kilometa 300 hivi kwenda kusoma Austin, akapata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1966.

Wataalamu wengi walidhani galaksi hazibadiliki sana. Yeye alipiga hesabu akaonyesha kwamba nyota huzaliwa, huzeeka na kufa, na galaksi nzima hubadilika rangi nazo. Mwaka 1978, pamoja na Richard Larson, alionyesha kwamba galaksi zinapokaribiana na kuvutana, nyota changa za buluu huzaliwa kwa wingi, pengine kwa miaka milioni 20 tu. Leo twajua pia kwamba katika makundi makubwa galaksi huweza kunyang'anywa gesi, ambayo ndiyo mbegu ya nyota, uzazi ukakoma. Zile mbili za kusini zimekwisha kupoteza gesi nyingi kwa kuvutana.

Naye alilipa gharama. Mwaka 1974 ndoa ilivunjika, watoto wawili wakabaki na baba yao. Chuo Kikuu cha Yale kilimpokea mwaka 1975, na mwaka 1978 akawa profesa wa kwanza mwanamke wa elimu ya nyota hapo. Mwaka huo huo saratani ikamshika. Mkono wa kulia uliposhindwa, aliandika kwa wa kushoto, hata alipofariki tarehe 23 Machi 1981, na umri wa miaka 40.

Sisi walimu wa zamani twaungama: tuliwaambia mabinti wangapi kwamba hesabu si kazi yao? Galaksi hufanywa na jirani zake. Mtoto naye vivyo hivyo, na jirani zake ni sisi.