Joseph Lucas: Muuza Taa Aliyebandikwa Jina la Giza

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. La Joseph Lucas limekwenda kinyume. Mtu huyu aliishi kwa kuuza mwanga, lakini leo, zaidi ya miaka 120 tangu azikwe, wenye magari ya kale ya spoti ya Kiingereza humwita Mwanamfalme wa Giza. Gari likizimika taa usiku njiani, lawama humwendea marehemu. Tuyapitie maisha yake kwanza, kisha tumpime kwa haki.

Lucas alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda na mafundi wa vyuma. Ujanani alifunzwa kazi ya kupaka vyombo fedha. Maisha hayakumnyookea. Akajikuta baba wa watoto sita asiye na ajira, akaamua kusukuma mkokoteni katika mitaa ya Hockley akiuza mafuta ya taa. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya mkokoteni. Ni mtaji wa asiye na mtaji.

Mwaka 1860 alianzisha biashara yake mwenyewe. Aliuza vitu vya bati na chuma vya matumizi ya nyumbani, kama ndoo na makoleo. Mwanawe Harry akajiunga naye akiwa kijana wa miaka 17. Kufikia 1875 walikuwa wakitengeneza taa za meli, na mwaka 1879 wakatoa taa ya baiskeli zile za zamani zenye gurudumu kubwa mbele. Taa yenyewe ilining'inia ndani ya gurudumu hilo, na waliipa jina la Mfalme wa Barabara. Baiskeli zilipoenea, taa ikaenea nazo, na biashara ya mkokoteni ikawa kiwanda.

Mwaka 1898 kazi hiyo ikasajiliwa kuwa kampuni ya hisa. Lucas alifariki dunia tarehe 27 Desemba 1902 mjini Naples, Italia, kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 68. Shikeni tarehe hiyo vizuri. Wakati huo kampuni ndiyo kwanza ilikuwa inaingia katika vifaa vya umeme vya magari. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa mafuta na utambi.

Yaliyofuata yaliendeshwa na Harry na waliomrithi. Mwaka 1914 walipata mkataba wa kuuzia kampuni ya magari ya Morris, na kutoka hapo jina la Lucas likaingia karibu kila gari la Kiingereza: dainamo, starta, honi, wipa, swichi na fyuzi. Hata Land Rover za zamani zilizofika kwetu zilikuja na jina hilo.

Sasa tuingie kwenye kesi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vidogo vya magari ya spoti vilichipuka Uingereza. Lotus na TVR ya Blackpool ni miongoni mwao. Viwanda hivi viliunda magari machache, na havikuwa na uwezo wa kujitengenezea vifaa vya umeme. Vilinunua vya Lucas na kuvifunga kwa mpango wao wenyewe.

Hapo ndipo matatizo yalipozaliwa. Umeme wa gari lazima utoke kwenye betri, ufike kwenye taa, kisha urudi kwenye betri. Katika gari la bodi ya chuma, bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudia. Lakini Lotus Elan ya mwaka 1962, kama TVR za wakati huo, ina bodi ya faiba. Mvuvi mwenye boti ya faiba anajua kwamba kitu hicho hakipitishi umeme. Kwa hiyo kila taa inataka waya wake wa kurudi, ule mweusi ambao mafundi huuita erthi.

Waya huo ukishika kutu kwenye kiungio, vituko huanza. Unawasha indiketa, taa ya breki nayo inachezacheza. Unawasha taa kubwa, zinatoa mwanga wa mshumaa. Ni umeme uliokosa njia ya kurudi, ukapita kwenye taa ya jirani.

Mambo mengine yaliongeza shida. Magari mengi ya aina hiyo yaliuzwa vipande vipande, mnunuzi akayaunga mwenyewe nyumbani, kwa sababu gari la vipande halikutozwa kodi ya ununuzi. Mwanya huo ulifungwa mwaka 1973. Nyaya nyingi basi ziliungwa na watu ambao umeme haukuwa fani yao. Tena, katika magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo umeme wote wa taa kubwa ulipitia kwenye swichi ya dashibodi bila rilei, na fyuzi zilikuwa mbili tu au chache zaidi. Juu ya hayo weka miaka 50 ya unyevu, na wamiliki kadhaa, kila mmoja akiongeza redio au honi kwa kiungio chake cha kubahatisha.

Si kwamba kampuni haina lawama. Baadhi ya swichi na viungio vyake havikuhimili maji, na vilitengenezwa kwa bei ambayo viwanda vya magari vilikubali kulipa. Lakini fundi makini akilifungua gari la namna hiyo, mara nyingi hukuta kifaa kizima na kiungio kilichooza. Jaribio lake ni jepesi: chukua waya mmoja, uunganishe kutoka kwenye erthi ya taa hadi ncha ya betri inayopokea erthi. Taa ikiwaka vizuri, usinunue taa nyingine. Safisha kiungio.

Somo hilo linatufaa hapa Pwani, ambako hewa ya chumvi hula viungio vya gari lolote, la kale au jipya. Wangapi kati yetu wamebadilisha dainamo nzima kwa sababu ya waya mmoja wenye kutu?

Mzee Lucas alianza na mkokoteni na chupa za mafuta ili nyumba za watu zipate mwanga. Hakuunga waya hata mmoja wa magari yale. Mkimsikia mtu akimwita Mwanamfalme wa Giza, mwambieni akaangalie erthi kwanza.