Daktari Augusta: Kinyozi Aliyekuwa Profesa

Ndugu zangu mnaopita Yonge Street kila siku, mkifika karibu na Elm Street punguzeni mwendo kidogo. Hapo, mwaka 1855, mtu mweusi mwenzetu alifungua duka la dawa.

Alexander Augusta alizaliwa mwaka 1825 Norfolk, Virginia, mtu huru katika nchi ya utumwa. Alijifunza kusoma kwa kificho huku akifanya kazi ya kinyozi, yaani kubeba maboksi kwa zama zile. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikamkatalia. Akaenda hadi California kutafuta pesa, kisha akahamia Toronto, akasoma udaktari Trinity na kuhitimu. Trinity hiyo ndiyo iliyoungana na Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1904.

Hapa aliuza dawa, akatibu watu, hata meno aling'oa. Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba aliongoza chama cha kuwasaidia watoto weusi wasome, na kijana wa hapa hapa, Anderson Abbott, alijifunza udaktari chini yake. Mwaka 1861 Abbott alipata leseni, mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kuipata.

Mwaka 1863 Augusta aliacha wateja wake, akamwandikia Rais Lincoln akiomba kwenda kutibu askari weusi vitani. Akapewa umeja. Jamani, siku ya mshahara akahesabiwa dola 7, malipo ya askari mweusi wa chini kabisa! Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa seneta mmoja hadi akalipwa haki yake. Madaktari wazungu waliokuwa chini yake nao wakamshtakia kwa Lincoln, eti hawawezi kuamrishwa na mweusi. Wakati huo Abbott alikuwa ameshamfuata Washington, wakawa wanatibu pamoja.

Mwaka 1868 Chuo Kikuu cha Howard kilipoanzisha shule ya udaktari, Augusta alikuwa kati ya walimu wa mwanzo, akifundisha anatomia. Ndiye profesa mweusi wa kwanza wa udaktari Marekani. Hata hivyo, mwaka 1869 chama cha madaktari cha Washington kilimnyima uanachama, na wanachama wake walikatazwa kushauriana na daktari wa nje. Hapo aliyeumia ni mgonjwa pia. Sisi tunaohangaikia leseni za uhandisi Ontario tunaijua mizungusho, ila hii ilikuwa kali zaidi.

Alifundisha hadi 1877, akaendelea kutibu mjini humo mpaka alipofariki mwaka 1890. Kaburi lake liko Arlington, ofisa mweusi wa kwanza kuzikwa pale.